Hisa za mafuta: Mwekezaji mdogo auulize mwamba kwanza

Tarehe 26 Machi, 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwatangazia wananchi kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia-1 kilichochimbwa na kampuni ya Tullow Oil. Taifa lilishangilia, na kwa hakika lilikuwa na sababu ya kushangilia. Miaka 13 baadaye, mwaka 2025, Tullow ilikubali kuiuzia kampuni ya Gulf Energy mali zake zote za Kenya kwa kiasi kisichopungua dola milioni 120, na hadi wakati huo Kenya haikuwa imeanza kuuza mafuta yake kibiashara, ukiacha yale ya majaribio yaliyobebwa kwa malori kutoka Turkana, ambayo shehena yake ya kwanza iliondoka Mombasa Agosti 2019.

Hisa ya Tullow, ambayo katika Soko la London ilipita pauni 10 mwaka 2012, mwaka 2025 ilikuwa haifikii hata nusu pauni. Si haki kuibebesha Turkana lawama yote. Madeni yalichangia, kuanguka kwa bei ya mafuta duniani kulichangia, na visima vya Ghana navyo vilichangia. Lakini jambo moja ni dhahiri: tangazo la 2012 lilikuwa la kweli, mafuta yalikuwapo na bado yapo, na hata hivyo aliyenunua hisa kwa sababu ya tangazo hilo peke yake alipata hasara.

Hapo ndipo penye somo kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki, ambaye kila baada ya muda husikia habari za kisima kipya na kuombwa atoe fedha zake. Tangazo la mafuta huwa linazungumzia kitu kimoja au viwili. Bei ya hisa humtoza mnunuzi kana kwamba vitu vyote vimekwisha kuthibitishwa. Tofauti baina ya hayo mawili inakaa chini ardhini, na mtu asiyejua mafuta yanavyotengenezwa na yanavyonaswa hana namna ya kuiona.

Kwanza, iondolewe dhana iliyoenea sana, kwamba chini ya ardhi kuna ziwa la mafuta linalosubiri kutobolewa kama dafu. Hakuna ziwa. Mafuta na gesi hukaa ndani ya jiwe, katika vitundu vidogo vidogo baina ya punje za mchanga. Watu wa Dodoma na Turkana wanalielewa hili kuliko wengi, kwa kuwa kiangazi hufukua mchanga wa mto mkavu na kupata maji. Yale maji hayakuwa ziwani, yalikuwa ndani ya mchanga. Mafuta nayo ni hivyo hivyo, ila mchanga wenyewe umekwisha kuwa jiwe na umefukiwa kilomita moja, mbili au tatu chini.

Jiwe hilo hupatikana katika kile kinachoitwa bonde la mashapo. Neno bonde lisimpotoshe msomaji. Mtu anaweza kusimama kisiwani Songo Songo asione bonde lolote. Linalomaanishwa ni sehemu ya ganda la dunia iliyodidimia polepole kwa mamilioni ya miaka huku mito ikiijaza tope na mchanga, na bahari au ziwa likiongeza makombe na chokaa, tabaka juu ya tabaka, hadi unene ukafikia kilomita kadhaa. Pwani ya Tanzania na Msumbiji ni bonde la namna hiyo, na Ziwa Albert lipo juu ya bonde jingine. Lokichar, mahali ilipo Ngamia-1, ni ziwa la kale lililokwisha kufukiwa.

Chanzo cha mafuta ni viumbe vidogo mno, hasa mwani na vijidudu vya majini, wala si mijusi mikubwa ya kale kama watoto wanavyoambiwa. Vikifa huzama. Pale ambapo maji ya chini hayana hewa ya kutosha, havioizi vyote, bali huchanganyika na tope laini na kufukiwa nalo. Tope hilo likigandamizwa huwa jiwe jeusi jeusi ambalo wataalamu hulihesabu kuwa mwamba mama. Bila mwamba mama hakuna mjadala. Bonde linaweza kuwa na unene wa kilomita sita za mawe mazuri ya mchanga, lakini kama halikuwahi kuwa na tope lenye mabaki ya viumbe, litabaki kuwa ghala tupu.

Mwamba mama wenyewe bado si mafuta. Unahitaji moto. Mama wa Pwani anayepika mafuta ya nazi anajua kwamba tui likipata moto mdogo litabaki kuwa tui, moto wa kiasi ukikaa muda wa kutosha mafuta hujitenga, na moto ukizidi kila kitu huungua sufuriani. Ardhi hupika kwa kanuni inayofanana na hiyo. Kadiri mtu anavyokwenda chini joto huongezeka, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Mwamba mama ukifika penye nyuzi 60 hivi huanza kutoa mafuta, na huendelea kuyatoa hadi karibu nyuzi 120. Ukishuka zaidi ya hapo hutoa gesi, na hata mafuta yaliyokwisha kutoka huvunjika yakawa gesi. Ukishuka zaidi kabisa hubaki masizi. Kwa hiyo jiko la mafuta, kwa wastani, liko kati ya kilomita mbili na nne chini ya ardhi, ingawa katika Bonde la Ufa, ambako joto la ardhi huwa juu kuliko kwingine, jiko linaweza kuwa karibu zaidi.

Mpishi huyu hana haraka. Kazi yake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka.

Mafuta yakishatoka katika mwamba mama hayatulii. Ni mepesi kuliko maji, na maji yamejaa katika mawe yote ya chini, hivyo mafuta hupanda. Hupenya katika mawe ya mchanga na nyufa, yakitafuta njia ya juu kama moshi unavyotafuta tundu la paa. Mengi hufika juu na kupotea. Hili wanunuzi wa hisa hawaambiwi mara nyingi. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyowahi kutengenezwa duniani haikunaswa popote.

Ushahidi wake upo hapa hapa nyumbani. Katika kilima cha Wingayongo, upande wa Rufiji, kuna mawe ya mchanga yaliyoloa lami. Lami ile ni mabaki ya mafuta yaliyopikwa chini, yakasafiri, yakafika karibu na uso wa nchi, kisha sehemu yake nyepesi ikaruka au ikaliwa na bakteria. Mwenye pupa akiyaona mawe hayo husema, “Kumbe Rufiji kuna mafuta!” Mwenye subira husema kwamba Rufiji ina mwamba mama na moto ulitosha, lakini mahali pale kifuniko hakikuwapo au kilipasuka. Kauli zote mbili zimetokana na jiwe moja. Ni ya pili tu inayoweza kuwekewa bei.

Ili mafuta yasipotee yanahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja. Kwanza, jiwe lenye vitundu vilivyoungana, kama mchanga au chokaa, ambalo ndilo ghala. Pili, juu ya ghala hilo kifuniko kisichopenyeza, kwa kawaida tope lililogandamizwa au tabaka la chumvi. Tatu, umbo linalozuia mafuta kutoroka kwa upande, ambao ndio mtego wenyewe. Mtego unaweza kuwa tabaka zilizokunjwa zikawa kama kuba la msikiti, au ufa uliosogeza mawe hadi ghala likagota kwenye ukuta wa tope, kama ilivyo katika mabonde ya ufa ya Turkana na Ziwa Albert. Unaweza pia kuwa tabaka la mchanga linalokonda na kuishia ndani ya tope, na mtego wa aina hii ndio mgumu kuliko yote kuugundua.

Kinachopaswa kukumbukwa ni kuwa vipimo vya mitetemo, ambavyo makampuni hutumia mamilioni ya dola kuvifanya na kisha kuvionyesha kwa michoro ya rangi za kuvutia, kwa kawaida huonyesha umbo tu. Mawimbi ya sauti hutumwa ardhini, yakarudi, na kompyuta ikachora tabaka. Vipimo hivyo huonyesha sufuria, tena vizuri sana siku hizi. Kama ndani mna ubwabwa au maji matupu, mara nyingi hujulikana pale tu kifuniko kinapofunuliwa, yaani kisima kinapochimbwa.

Waliolipa gharama kubwa kuliko wote kujifunza hivyo ni wakubwa wenyewe. Kaskazini ya Alaska, karibu na uwanja mkubwa wa mafuta wa Prudhoe Bay uliogunduliwa 1968, vipimo vilionyesha umbo kubwa mno chini ya bahari. Likaitwa Mukluk. Makampuni makubwa, yakiongozwa na Sohio iliyokuwa chini ya BP, yalishindana kununua leseni, yakajenga kisiwa cha kokoto baharini ili kuweka mtambo, na kisima kikachimbwa mwaka 1983. Leseni na kisima kwa pamoja vilimeza zaidi ya dola bilioni 1. Mwamba mama ulikuwapo, jiko lilikuwapo, jiwe la mchanga lilikuwapo, na umbo lilikuwa kama lilivyochorwa. Kilichotoka ni maji ya chumvi na mawe yenye madoa ya mafuta. Mafuta yalikuwa yamekaa pale zama fulani, kisha yakavuja. Wachimbaji walifika mahali panapostahili wakiwa wamechelewa kwa mamilioni ya miaka.

Suala la wakati, basi, ni kipimo kinachojitegemea. Mtego ukiumbika baada ya mafuta kwisha kupita, ni sawa na kutega mgono baada ya samaki kuhama. Na mtego uliojaa unaweza kutobolewa na tetemeko au kuinamishwa na mwendo wa ardhi. Mfanyabiashara anayezoea kusikia kwamba “dalili zote ni nzuri” auulize mwamba maswali yote matano: mwamba mama, moto, ghala, kifuniko pamoja na mtego, na wakati.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mtaalamu mwaminifu anasema kila kimoja cha hivyo vitano kina nafasi saba katika kumi za kuwapo. Saba katika kumi ni nafasi nzuri, wengi wangekubali kukopa fedha kwa ajili yake. Lakini vinatakiwa vyote vitano kwa pamoja, kwa hiyo nafasi huzidishwa, na jibu huwa chini kidogo ya asilimia 17. Ni kisima kimoja katika sita. Kimoja kikikosekana kabisa, vinne vilivyobaki havina thamani yoyote sokoni, kama gari lenye injini mpya, matairi mapya na usukani mpya lakini halina ekseli. Ajabu ni kwamba matangazo mengi ya makampuni madogo husifia vinne na kukipita cha tano kimya kimya.

Hata kisima kikifaulu, jiko huwa limekwisha kuamua mambo mengine yanayomhusu mwenye hisa moja kwa moja.

Mafuta ya Turkana na yale ya Uganda yametokana na mwani wa maziwa ya kale. Mwani wa aina hiyo hutoa mafuta yenye nta nyingi, ambayo yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa liwe na mfumo wa kupasha joto kwa umeme njia nzima ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Gharama hiyo haikuamuliwa na wahandisi wala na wanasiasa. Iliamuliwa na viumbe vilivyoishi ziwani mamilioni ya miaka kabla hajatokea binadamu. Mchambuzi aliyejua mwaka 2006, mafuta yalipopatikana katika kisima cha Mputa, kwamba bonde la Ziwa Albert ni la maziwa na liko mbali na bahari, angeweza kutabiri kwamba faida itachelewa. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuja Februari 2022, yaani miaka 16 baadaye.

Kwa Pwani hali ni nyingine. Huko tabaka zimerundikana kwa unene mkubwa na kilichopatikana kwa wingi ni gesi. Songo Songo iligunduliwa na AGIP ya Italia mwaka 1974, na Mnazi Bay 1982. Kuanzia 2010 gesi nyingi zaidi ikapatikana katika bahari ya kina kirefu, baadhi yake chini ya maji ya zaidi ya mita 2,000, katika michanga ambayo zamani iliporomoka kutoka nchi kavu hadi kwenye sakafu ya bahari. Tanzania sasa huhesabu zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 ardhini. Ni hazina, hakuna ubishi. Lakini gesi si mafuta. Mafuta ya Turkana yaliweza kupakiwa malorini, gesi ya bahari kuu haipakiwi lorini. Inahitaji bomba au kiwanda cha kuigeuza kimiminika, nacho ni mradi wa makumi ya mabilioni ya dola. Makubaliano ya awali ya mradi wa Lindi yalitiwa saini Juni 2022, miaka 12 baada ya ugunduzi wa kwanza wa bahari kuu. Songo Songo yenyewe ilingoja tangu 1974 hadi 2004 gesi yake ilipofika Ubungo kuendesha mitambo ya umeme.

Muda huo una bei. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, shilingi 1,000 zitakazopokewa baada ya miaka 16 zina thamani ya shilingi zisizofika 220 leo. Zikipokewa baada ya miaka 30, kama ya Songo Songo, thamani yake leo ni shilingi 57 na senti kidogo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo hafanyi biashara ya namna hiyo, na hakuna sababu ya kuifanya kwa kuwa tu imeitwa mafuta.

Wapo wanaosema kwamba mwekezaji mdogo hana haja ya kusumbuliwa na elimu ya miamba, kwani wataalamu wamekwisha kuipima na soko limekwisha kuiweka katika bei. Mukluk inatosha kuonyesha kwamba wataalamu nao hukosea kwa pamoja. Lakini kuna kisa cha upande wa pili kinachofundisha zaidi, nacho ni cha Texas Mashariki.

Mnamo mwisho wa miaka ya 1920 mzee mmoja, Columbus Marion Joiner, aliyejulikana kama “Dad”, alikuwa akiuza hati za hisa kwa wakulima na watu wa kipato kidogo ili achimbe katika shamba la mjane aitwaye Daisy Bradford. Wataalamu wa makampuni makubwa walikuwa wamelipita eneo lile wakisema halina kuba wala mkunjo wowote wa maana. Joiner yeye alikuwa na ripoti ya kijiolojia iliyoandikwa na rafiki yake, na mengi yaliyokuwa katika ripoti hiyo hayakuwa na ukweli. Oktoba 1930 kisima cha tatu kikatoa mafuta. Ukagundulika uwanja ambao kwa wakati ule haukuwa na wa kulingana nao Marekani. Wataalamu walikuwa sahihi kwamba hakuna kuba. Mtego ulikuwa wa aina ile ngumu: tabaka la mchanga liitwalo Woodbine lilikonda na kuishia likipanda kuelekea mashariki, na tabaka la chokaa laini likalifunika kwa juu.

Je, waliomwamini Joiner walitajirika? Aliuza hati nyingi kuliko mali aliyokuwa nayo, sehemu moja ikauzwa mara kadhaa, na mara mafuta yalipotoka madai yakamwandama mahakamani. Kabla mwaka 1930 haujaisha aliziuza haki zake kwa H. L. Hunt kwa makubaliano ya dola milioni 1.34, nyingi zikiwa za kulipwa baadaye. Utajiri mkubwa ulimwendea Hunt. Mwamba ulimpa tapeli mafuta na ukawanyima wataalamu, lakini hati ya hisa ni kitu tofauti na mwamba, na mwenye hati dhaifu huweza kukosa hata pale mwamba unapotoa. Basi mwekezaji ana mitihani miwili, wa ardhini na wa karatasi, na kufaulu mmoja hakumsaidii.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja mtihani huu kwa kiasi. Mwaka 2014 kampuni ya Swala Oil and Gas (Tanzania) iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 500 kila moja na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye dirisha la kukuza ujasiriamali, ikiwa ya kwanza ya utafutaji wa mafuta na gesi katika soko hilo. Ilikuwa na sehemu katika leseni za Kilosa-Kilombero na Pangani. Kijiolojia wazo lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo, kwani mabonde hayo ni ya ufa, na mafanikio ya Lokichar na Ziwa Albert yalikuwa yamempa kila mtu hamu ya kuangalia mabonde mengine ya aina hiyo. Lakini katika yale maswali matano, mengi yalikuwa bado yanasubiri kisima. Kisima kilichopangwa Kilombero, kilichopewa jina la Kito, hakikuchimbwa. Bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ilikuwa chini ya dola 50 ilipofika Januari 2015 na chini ya dola 30 Januari 2016, na fedha za kuchimba visima vya kubahatisha zikakauka dunia nzima. Baadaye kampuni hiyo iligeukia kununua sehemu katika biashara ya gesi ya Songo Songo, ambako mwamba ulikwisha kujibu maswali yake tangu 1974.

Hapa ndipo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na wenzao wa Nairobi na Kampala, wanapaswa kusaidia. Waraka wa matarajio wa kampuni ya utafutaji hujaza kurasa nyingi za sheria na hesabu, na sehemu ya miamba huandikwa kwa lugha ambayo hata wakili haielewi. Yafaa iwe sharti kwamba ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, useme wazi: mwamba mama umethibitishwa au unakisiwa, na kwa ushahidi upi, ghala limeonekana katika kisima au katika mchoro tu, kifuniko ni jiwe gani, na nafasi ya mafanikio ya kisima, kwa kadiri ya kampuni yenyewe, ni asilimia ngapi. Makampuni huwa nayo asilimia hiyo. Huitumia vikaoni mwao kuamua kisima kipi kitangulie. Hakuna hoja ya maana ya kumficha yule anayeombwa shilingi 500 zake.

Sharti hilo likichelewa, mfanyabiashara anaweza kujisaidia kwa kuyasoma maneno ya tangazo kwa makini. “Mafuta yaliyopo ardhini” si “mafuta yanayoweza kutolewa”. Uganda huhesabu mapipa bilioni 6.5 ardhini, na yanayoweza kutolewa ni takriban bilioni 1.4. Mpango wa Turkana wa mwaka 2021 ulizungumzia mapipa bilioni 2.85 ardhini na milioni 585 za kutolewa. Vile vitundu vya jiwe haviachii kila kitu, na mafuta yenye nta huachia kwa shida zaidi. Vile vile “mafuta yamepatikana” haisemi ni mafuta gani. Agosti na Septemba 2019 Tullow, ile ile ya Turkana, ilitangaza ugunduzi wa visima viwili vya Guyana, Jethro na Joe, na hisa ikapanda. Novemba mwaka huo huo ikaeleza kuwa mafuta yake ni mazito na yana salfa nyingi, na hisa ikashuka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Hakuna aliyekuwa amesema uongo mwezi Agosti.

Neno la kuangaliwa kuliko yote ni “dalili”. Maana yake mara nyingi ni kwamba madoa au harufu ya mafuta imeonekana katika vipande vya jiwe, jambo linalothibitisha mwamba mama na moto, wala halithibitishi mtego. Lakini nalo lisidharauliwe. Mwaka 1992 Shell ilichimba kisima cha Loperot-1 katika bonde lile lile la Lokichar, ikapata dalili za mafuta, kisha ikaondoka. Ilichukua miaka 20 hadi Ngamia-1 ilipotobolewa penye mtego unaofaa, kando ya ufa mkuu wa magharibi ya bonde hilo. Aliyezisoma dalili za Loperot alikuwa sahihi kuhusu mwamba tangu 1992, na ilipofika 2025 alikuwa bado hajapokea gawio.